Kutoka Dodoma hadi Unguja na mtoto mdogo: safari ya reli na boti bila kuvunja kibubu

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi nilipompeleka kuiona bahari. Sisi tunakaa Nkuhungu, na maji mengi kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni yale yaliyomwagika simtanki la jirani lilipopasuka. Kila shilingi niliiandika kwenye kaunta buku, tangu maandalizi hadi tuliporudi. Nilipopitia zile kurasa ndipo nikagundua kuwa tiketi hazikuniumiza. Pesa ilivujia kwenye maungio ya safari: kutoka stesheni kwenda bandarini, kutoka bandarini kwenda kulala, kutoka mtoto kusema "mama njaa" hadi chakula kupatikana. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maungio hayo, na penye urahisi nitapita haraka.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusizungumzie meli za kitalii, yale maghorofa yanayoelea ambayo mara moja moja hutia nanga Dar na Unguja. Vyumba vyake huuzwa kwa dola, safari nyingi huanzia bandari za mbali, kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi sita, na aliye kwenye pampasi kwa kawaida haruhusiwi kuingia kwenye bwawa la kuogelea. Ukimaliza kulipa, mtoto anakaa chumbani. Sisi treni ya umeme imetufikia Dodoma tangu katikati ya 2024. Ukiiunganisha na boti ya Unguja unapata reli, bahari na kisiwa ndani ya siku tano, na unarudi na akiba ya ada ya shule ikiwa salama.

Hatua ya 1: Anza na upepo, tarehe baadaye

Mtu wa bara hupanga safari kwa likizo ya kazini. Mtu wa pwani hupanga kwa upepo, na hapa yeye ndiye mwenye akili. Kusi huvuma kuanzia kama Mei hadi Septemba, na ukali wake uko Juni, Julai na Agosti, na likizo ya shule ya Juni huangukia humohumo, kila mtu akitaka kusafiri. Bahari ya kati ya Dar na Unguja wakati huo huinuka. Meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Boti za sasa za kasi ni kubwa na nzito zaidi, lakini tumbo la mtoto halijui ukubwa wa boti.

Kaskazi huanza kama Desemba na kuishia Machi; joto kali, bahari mara nyingi ina nafuu. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi wanachokiita tanga mbili, upepo haujaamua utoke wapi. Mimi nachagua Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kumbuka tu kwamba Unguja wana mvua za vuli, na sisi wa Dodoma tuliozoea msimu mmoja wa mvua huwa tunasahau kitu hicho kipo. Masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, achana nayo.

Wiki ya safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya kaskazini au Unguja na Pemba, sogeza safari. Kupoteza siku moja ni rahisi kuliko saa mbili za kutapikiana.

Mengine ya kalenda: Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na Ijumaa jioni nusu ya mji unashuka Dar. Ukitaka nafasi bila kusukumana, safiri Jumanne au Jumatano. Epuka wiki za Idi, Pasaka, Krismasi na Mapinduzi ya 12 Januari. Mwezi wa Ramadhani Unguja ni mzuri usiku, ila mchana sehemu nyingi za chakula hufungwa. Mtoto mdogo hana habari hiyo, kwa hiyo itakubidi upike au ubebe.

Hatua ya 2: Piga hesabu, ukianzia kwenye umri wa mtoto

Kwenye SGR, yaani hiyo treni ya umeme, mtoto aliye chini ya miaka minne anasafiri bure, na kuanzia minne hadi kumi na miwili analipa nusu. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dodoma na Dar iliyotangazwa treni ilipoanza ni 31,000. Watu wazima wawili, kwenda na kurudi, ni 124,000. Anayesafiri bure hapewi kiti; atakaa mapajani. Mkiwa wawili mtapokezana. Ukiwa peke yako na mtoto mzito, fikiria upya mpango wako wa kubeba mabegi matatu.

Boti za kasi zina bei mbili: ya Mtanzania na ya mgeni. Ukisahau kitambulisho unaweza kujikuta upande usio wako. Wakati wa kukata tiketi uliza umri ambao nauli ya mtoto inaanzia, na uliza kama bei uliyotajiwa imejumuisha tozo za bandari. Kata dirishani kwa kampuni yenyewe au kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Wale vijana wa nje wanaokuita "mama, boti inaondoka sasa hivi, njoo huku" hawana boti.

Ipo pia meli ya taratibu inayobeba magari na mizigo, ambayo husogea hadi Pemba. Nauli yake ni nafuu na vijana wanaipenda. Kwa mtoto anayejifunza kukimbia, saa za ziada majini zitakula ile nafuu yote kwa biskuti, juisi na mishipa yako ya fahamu. Panda ya kasi, daraja la kawaida. Daraja la juu lina viti vilaini, na mtoto atakojoa kwenye kiti chochote.

Daftari langu lilikuwa na mistari hii: treni 124,000, boti nilitenga 150,000, kulala Unguja usiku tatu 150,000, bajaji, daladala na mtumbwi 80,000, chakula 100,000, na mfuko wa dharura 70,000 ambao nilimpa baba watoto auweke kwenye simu yake na asiniambie nywila. Jumla 674,000. Ilianza kukusanywa Februari kwa safari ya Oktoba, kama 85,000 kwa mwezi.

Hatua ya 3: Karatasi

Vitambulisho vya wazazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala moja na picha kwenye simu. Kadi ya kliniki pia, na kadi ya bima ya afya mkiwa nayo. Anayesafiri na mtoto wa dada au wa kaka abebe barua ya mzazi na namba ya simu inayopatikana.

Hatua ya 4: Fungasha kwa mikono uliyonayo

Hesabu mikono. Wazazi wawili mna mikono minne. Mmoja umemshika mtoto, mmoja una tiketi na simu. Imebaki miwili. Kwa hiyo ni mabegi mawili ya mgongoni, basi. Sanduku la magurudumu litakupa tabu kwenye ngazi za boti na kwenye vichochoro vya mawe, na kigari cha mtoto ndiyo kabisa kiache nyumbani. Kanga mbili zitafanya kazi zote: mbeleko, shuka, pazia la kunyonyeshea, taulo.

Chakula cha mtoto ndicho kinachookoa pesa. Chupa ya chai ya lita moja yenye maji ya moto, unga wa uji wa lishe kwenye kopo, ndizi mbivu ngumungumu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yaliwe mapema yasije yakaharibika kwa joto. Karanga zetu nzuri za Dodoma zisagwe. Punje nzima humkaba mtoto, hasa chombo kikiyumba.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Bara tangu 1 Juni 2019, na Unguja hawana utani nayo. Sasa pampasi chafu unaitia wapi? Mimi nilinunua Majengo sokoni vindoo viwili vya lita nne, vyenye mifuniko ya kubana. Cha bluu cha uchafu, chekundu cha vitu visafi na baadaye cha kuchezea mchanga. Nilimweleza baba watoto tofauti ya rangi mara tatu. Mara tatu hazikutosha.

Ongeza pakiti za ORS, paracetamol ya maji ya mtoto, kipimajoto, kofia yenye ukingo mpana, fulana mbili za mikono mirefu, na sweta. Ndiyo, sweta, hata kama unakwenda pwani. Utaniambia ukifika ndani ya boti.

Hatua ya 5: Siku ya treni

Panda treni itakayoondoka karibu na saa ya usingizi wa mchana wa mtoto wako. Safari ni kama saa nne, pungufu kidogo kwa treni ya haraka. Fika mapema, kwani mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege na foleni haijali kuwa una mtoto, ingawa ukiomba kwa adabu kwa kawaida hupitishwa mbele.

Usilale kati ya Gulwe na Kilosa. Hapo reli inapita milimani na kuna mahandaki. Behewa linaingia giza ghafla, taa zinabaki, dirisha linageuka kioo, na mtoto anajiona uso wake mwenyewe unamtazama kutoka gizani. Wangu alinyamaza kabisa, akaweka kiganja kwenye kioo, nuru iliporudi akasema "tena". Tena ikaja, maana mahandaki yako manne. Hiyo ni burudani ya bure, imo ndani ya 31,000.

Baada ya Morogoro mtoto atachoka. Hapo ndipo pa kutoa kile kitu kipya ulichokificha. Si lazima kiwe cha pesa. Kopo tupu la poda lenye vibanio vya nguo ndani yake lilitufikisha Pugu.

Hatua ya 6: Kutoka stesheni hadi bandarini

Hapa ndipo nilipochoma pesa, kwa neno moja tu. Stesheni ya SGR ya Dar iko katikati ya mji, na gati la boti za Unguja liko barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ni karibu kiasi kwamba bila mizigo ungetembea. Nikamwambia dereva wa bajaji, "Kaka, tupeleke feri." Tukaenda. Tukafika kwenye harufu ya samaki.

"Dada, si ulisema Feri? Hapa ndiyo Feri."

Alikuwa sahihi. Kwa mtu wa Dar, Feri ni soko la samaki na kivuko cha Kigamboni. Ukitaka Unguja unasema "boti za Zanzibar". Tulilipa mara mbili, boti tukaikosa, na jioni hiyo tukaingia gharama ya gesti ambayo haikuwemo kwenye daftari.

Sasa napanga hivi: nafika Dar siku moja kabla, nalala kwa ndugu (mjomba wa Tabata anafurahi kwa kilo tano za mchele na chupa ya mvinyo wa zabibu wa kwetu), asubuhi napanda boti ya kwanza. Asubuhi upepo kwa kawaida haujaamka vizuri, na mtoto bado ana hali nzuri. Ukilazimika kuunganisha siku hiyohiyo, acha angalau saa tatu kati ya treni kufika na boti kuondoka.

Na kwa kuwa sasa una jioni tupu Dar, itumie kumpima mtoto. Nenda huko Feri kwa makusudi, panda kivuko kwenda Kigamboni. Nauli ni shilingi 200 kwa mtu mzima, dakika chache tu majini. Utaona kama anaogopa mngurumo wa injini, kama anataka kupanda kwenye vyuma vya pembeni, kama anatulia mgongoni. Ni afadhali ujue hayo kwa 200.

Joto la Dar litamletea mtoto wa Dodoma harara ndani ya siku moja. Mwogeshe kwa maji ya kawaida, mvalishe pamba nyepesi, mwache bila pampasi kila inapowezekana. Poda usimrundikie.

Hatua ya 7: Ndani ya boti

Kaa katikati ya boti, ghorofa ya chini, usawa wa kiuno cha chombo. Huko mbele ndiko boti inakoruka na kutua. Watu hukimbilia siti za dirishani mbele kama kwenye basi, na ndio hao hao utawaona baadaye wameinamisha vichwa.

Kabla hujafungua biskuti, tafuta maboya ya kujiokolea yako wapi, kisha muulize mhudumu la saizi ya mtoto. Usione aibu. Boya la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Ni kama hajavaa. MV Spice Islander ilizama usiku wa 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ukiona watu wamekaa njiani na kwenye ngazi, una haki ya kuteremka na kusubiri inayofuata, tiketi au bila tiketi.

Habari njema kuhusu kichefuchefu: watoto walio chini ya miaka miwili mara nyingi hawaumwi bahari. Tabu huanza baada ya hapo. Mpe mlo mwepesi mkavu saa moja au mbili kabla, usimpe maziwa mengi, na usimwache akodolee simu. Simu na mawimbi havipatani. Mtoke nje kwenye hewa, umwoneshe mstari wa mbali ambako bahari inakutana na mbingu. Tangawizi ni yenu wakubwa. Dawa za kuzuia kutapika usimpe kwa ushauri wa abiria mwenzako: promethazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan, hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua vizuri. Daktari au mfamasia aulizwe Dodoma, kabla ya safari.

Lile sweta sasa. Kiyoyozi cha ndani ni baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba, na filamu ya mapigano imewekwa sauti ya juu. Wangu alivumilia dakika ishirini akaanza kulia. Nikamfunga mbeleko, sweta juu, tukatoka nje nyuma, tukasimama kwenye kivuli karibu na mzee mmoja wa Kiunguja mwenye kofia ya viua. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Huyo mgeni wa bahari?" Nikamwambia ametoka Dodoma. Akacheka, akamwambia mtoto, "Karibu kwa maji ya chumvi." Nikamjibu kuwa chumvi ya maji tunaijua, kwetu inatoka bombani. Zile saa mbili ziliisha hivyo, mtoto akilala mgongoni na mimi nikiegemea ukuta, magoti yakifuata mawimbi.

Hatua ya 8: Siku tatu Unguja

Ukishuka bandarini Malindi, hapo Unguja, utapokewa na mapapasi, yaani madalali wa mitaani, wenye hoteli, teksi na viungo. Sema "nishapata, ahsante" na uendelee kutembea.

Hoteli za Mji Mkongwe wenyewe ni nzuri kwa picha. Kwa bajeti yetu tafuta gesti nyuma kidogo, Mlandege, Michenzani au Kikwajuni. Popote utakapopata, uliza chumba cha chini. Nyumba za zamani zina ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia mnazi, na mtoto wa umri huu haoni ngazi bila kuipanda. Hakikisha chandarua hakina matundu. Vichochoroni mshike mkono muda wote, pikipiki hutokea kwenye kona bila honi.

Siku ya kwanza usifanye kitu. Mchana lala, jioni nenda bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Chakula cha pale angalia bei kabla hujaonja. Ukitaka bei ya wenyeji, nenda sokoni Darajani ukale urojo mchana. Mtoto apewe viazi na bajia, pilipili ikae mbali. Burudani yake itakuwa vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani, na hiyo haina kiingilio.

Siku ya pili nenda Changuu, kisiwa cha kobe. Kobe hawa wakubwa asili yao ni Shelisheli, waliletwa 1919, na ni wanyama wanaofaa kabisa kwa mtoto mdogo: wakubwa, wapole, na hawamshindi mbio. Kuna kiingilio, kiweke akilini. Mtumbwi wa injini kutoka ufukweni unakodiwa mzima, kwa hiyo tafuta familia nyingine mgawane, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na mlipe mkirudi. Boya la mtoto hapa ni muhimu kuliko kwenye boti kubwa. Kama hakuna linalomwenea, msiende. Mpeleke kwenye bembea za Kariakoo ya Unguja, atafurahi vilevile.

Siku ya tatu, ufukweni. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani, 116 Nungwi. Nungwi maji hayaendi mbali. Jambiani hupwa mpaka unashangaa bahari imehamia wapi, na yanabaki madimbwi ya uvuguvugu yenye kina cha kifundo cha mguu, ambayo kwa mtoto mdogo ni bora kuliko bahari yenyewe. Uliza wenyeji saa ya maji kupwa na kujaa, kwa sababu yakianza kurudi hurudi haraka, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Mvalishe viatu vya plastiki: kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu vinavyojificha kwenye mawe. Kuanzia saa nne hadi saa kumi mweke kivulini. Mafuta ya nazi yanang'arisha ngozi, jua hayalizuii.

Kurudi

Kata boti ya asubuhi na treni ya jioni, au lala tena Tabata. Usikate treni ya mchana ukitegemea boti itafika kwa dakika. Osha miguu ya mtoto na vindoo vyote kabla ya kufunga mabegi. Mchanga wa Jambiani bado naukuta kwenye mashuka. Viungo nunua Darajani, si getini bandarini. Na ukishawishika kununua pweza mkavu wa kuwapelekea majirani, mfunge kwenye magazeti mara tatu, kisha umtie ndani ya kindoo chekundu na ubane mfuniko. Baba watoto alimtia cha bluu.